Earl Anthony: mfanyakazi wa depo aliyekuja kuwa bingwa wa bolingi

Mwaka wa 1963, mfanyakazi mmoja wa depo ya vyakula alitoka upande wa mji wa Tacoma, kaskazini-magharibi ya Marekani, akaenda kushindana na watu wanaolisha familia zao kwa mchezo wa bolingi. Aliingia kwenye mashindano saba. Katika yote saba hakupata hata dola moja. Feza ya njia ikaisha, akarudi nyumbani, akarudilia kazi.

Jina lake Earl Anthony. Ilipita miaka saba mbele ya kupata taji lake la kwanza. Lakini alipokufa, mwezi wa munane 2001, hakukuwa mtu hata mmoja katika historia ya mchezo huo aliyekuwa na mataji mengi kuliko yeye. Njo maisha yake tunayaeleza leo: namna mtu aliyechelewa kuanza, aliyeshindwa mara ya kwanza, na ambaye wengi walisema anashinda kwa bahati ya mkono wa kushoto, alivyofika mbele ya wote.

Mchezo wenyewe uko namna gani?

Hapa kwetu wengi tumeona bolingi kwenye filamu ao televizyo tu, kwa hiyo tuanzie hapo. Pini kumi za mti, zenye umbo la chupa na urefu wa santimetre 38, zinasimamishwa mwishoni mwa njia ya mbao. Mchezaji anasimama mbali. Toka mstari wake mpaka pini ya kwanza ni metre 18 na kidogo. Njia ina upana wa metre moja na santimetre 5 hivi, na kila upande kuna mfereji. Mpira ukitumbukia mule, umepotea. Na mpira huo siyo wa kandanda: uko mgumu, una matundu ya vidole, na uzito wake unaweza kufika kilo 7 na kidogo.

Mchezo mmoja una zamu kumi, na kila zamu unatupa mara mbili. Ukiangusha pini zote kwa mpira wa kwanza, hiyo ni straiki: unapata alama kumi, kisha unaongezewa alama za mipira miwili inayofuata. Ukibakiza pini na kuzimaliza kwa mpira wa pili, hiyo ni spea: unaongezewa alama za mpira mmoja unaofuata. Kwenye zamu ya kumi, mwenye straiki anapewa mipira miwili ya nyongeza. Kwa hiyo anayepiga straiki 12 mfululizo anafikisha alama 300, na juu ya hapo hakuna kitu.

Kuna jambo moja ambalo mtazamaji haoni: mafuta. Ile mbao inapakwa mafuta mepesi, mengi upande wa mbele. Mpira unateleza juu ya mafuta, kisha ukifika pahali pakavu unashika mbao na kupinda kuelekea pini. Mchezaji hodari hatupi mpira katikati. Anautupa pembeni, maana anajua utapinda wapi. Shida ni kwamba kila mpira unaopita unaondoa mafuta kidogo na kusukuma mengine mbele. Njia ya asubuhi siyo njia ya mangaribi. Asiyejua kubadilika pole pole pamoja na ile njia anaanza siku akiwa wa kwanza, anaimaliza akiwa wa makumi mbili.

Ndoto ya besiboli

Earl Anthony alizaliwa tarehe 27 mwezi wa ine 1938, katika jimbo la Washington, lile la pwani ya Pasifiki, siyo mji mkuu wa Marekani. Alikuwa mtu wa kushoto. Katika ujana wake alitumika katika jeshi la anga, na mchezo wa moyo wake ulikuwa besiboli. Yeye njo alikuwa mtupaji, yule anayesimama katikati ya kiwanja na kumtupia mpira mpigaji. Mwaka wa 1960 alijaribiwa na watu wa timu ya Baltimore Orioles, moja ya timu kubwa za nchi ile. Lakini aliumia kifundo cha mguu, na ndoto ile ikafa.

Alibaki na kazi ya depo. Sosiete yake iliuza vyakula kwa jumla, naye alifanya kazi usiku, akiendesha mashini ya kunyanyulia mizigo. Wafanyakazi walikuwa na timu yao ya bolingi, kama vile kwetu sosiete zinakuwa na timu ya mpira wa miguu, na Anthony aliingia humo. Alikuwa na miaka 21 alipoanza. Tukumbuke kwamba mabingwa wengi wa mchezo huo walianza wakiwa watoto, mara nyingi kwa sababu mzazi alikuwa na ukumbi ao alifanya kazi ndani yake. Huyu alianza akiwa mtu mzima, baada ya kazi, pamoja na wabeba mizigo wenzake.

Chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1958 na mwanasheria Eddie Elias, mjini Akron, jimbo la Ohio. Lakini tusidanganyike na lile neno wa kulipwa. Mchezaji hakuwa na mshahara. Alilipa mwenyewe feza ya kuingia kwenye shindano, akalipa petroli, akalipa hoteli na chakula, kisha akacheza michezo mingi kwa siku kadhaa. Akimaliza kati ya wale wa mbele, anapata kitu. Akimaliza nyuma, anapanda gari na kwenda mji unaofuata na mfuko mwepesi zaidi. Njo maana ile safari ya 1963 ilikwisha haraka. Haikuwa aibu tu. Ilikuwa feza ya nyumbani iliyopotea njiani.

Miaka ya kimya

Wengi wangeishia hapo na kubaki na hadithi ya kusimulia watoto. Anthony alirudi kwenye kazi, na baada ya kazi alirudi kwenye njia za bolingi. Mwaka kwa mwaka alifanya jambo lile lile: kutembea vile vile, kuachilia mpira pahali pale pale, kwa mwendo ule ule. Hakuwa na nguvu za ajabu. Mpira wake haukupinda sana wala haukupiga kelele nyingi. Alichotafuta ni kwamba mpira wa mia usitofautiane na mpira wa kwanza.

Alijifunza pia kuheshimu spea. Kwenye bolingi kila mtu anapenda straiki, maana njo inapigiwa makofi. Lakini katika shindano la siku tatu ao ine, anayeacha pini moja hapa, pini moja pale, anajikuta ameanguka bila kuelewa. Ile pini moja ya pembeni, Anthony hakuiacha. Wenzake walikuja kusema hakuna aliyemzidi kwa kusafisha zilizobaki.

Mwaka wa 1970 akaingia tena barabarani. Mwezi wa sita wa mwaka ule alishinda shindano mjini Seattle, kilometre kama 50 tu kutoka Tacoma, karibu na ile depo. Hilo lilikuwa taji lake la kwanza. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wachezaji wa michezo mingi wanaanza kuhesabu miaka iliyowabakia.

Mambo ya mkono wa kushoto

Hapa kwetu mtoto akinyoosha mkono wa kushoto kupokea kitu, mzee anamkaripia palepale. Kwenye bolingi ya miaka ile, mkono wa kushoto ulikuwa na kesi nyingine kabisa. Wachezaji wengi wanatumia mkono wa kuume, na mipira yao inapita upande wa kuume wa njia. Mafuta ya upande ule yanaisha haraka, mbao inachoka, na kila saa mchezaji anapaswa kutafuta pahali papya. Watu wa kushoto wako wachache. Upande wao unabaki karibu kama ulivyopakwa asubuhi.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa kushoto walipoanza kushinda mara kwa mara, manunguniko yakaanza. Wakasema hawa hawashindi kwa akili, wanashinda kwa sababu njia yao haikukanyagwa. Anthony njo alikuwa shabaha ya kwanza ya maneno hayo, kwa sababu yeye njo alishinda zaidi.

Tusikatae: kulikuwa na ukweli ndani yake. Siku ambapo mafuta ya kushoto yalikuwa mazuri, kazi ilikuwa nyepesi. Lakini kulikuwa upande wa pili wa jambo. Mtu wa kuume akiona njia mbaya, wenzake wengi wanaitengeneza pamoja naye bila kujua, kwa kupitisha mipira pahali pamoja. Mtu wa kushoto akikuta upande wake umepakwa vibaya, anabaki navyo mpaka mwisho. Na kama mkono wa kushoto peke yake ungetosha, basi watu wote wa kushoto wangekuwa Earl Anthony. Walikuwako kadhaa, na wazuri. Hakuna hata mmoja aliyemkaribia.

Kuna ushahidi mwingine. Katika maisha yake ya mchezo, vitu vilibadilika mno. Alipoanza, mipira ilikuwa ya kauchu. Kisha ikaja ya plastiki, na wengine wakaanza kutafuta dawa za kulainisha mpira ili ushike mbao zaidi, mpaka PBA ikaweka kanuni juu ya ugumu wa mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja ya aina mpya, uretani, iliyopinda kuliko ile ya zamani. Kila badiliko liliwatupa nje mabingwa fulani. Anthony alipita yote, na kila wakati alirudi mbele.

Miaka mitatu ambayo haijasahaulika

Siku za posho mangaribi, toka mwanzo wa miaka ya 1960, televizyo ya ABC ilionyesha fainali za bolingi nchi nzima, na sauti ya mtangazaji Chris Schenkel ilijulikana nyumba kwa nyumba. Fainali ile ilipangwa kama ngazi. Walibaki watu watano. Wa tano alicheza na wa ine, mshindi akacheza na wa tatu, na kupanda hivyo mpaka kukutana na yule wa kwanza, ambaye alikuwa amekaa akingoja. Mchezo mmoja tu, ukishindwa unarudi nyumbani. Mtu aliyefanya kazi siku nzima nzima angeweza kupoteza yote kwa nusu saa, mbele ya kamera.

Kwenye jukwaa lile ndipo watu walimzoea Anthony: nywele zimekatwa fupi kama za askari, miwani mikubwa, uso usioonyesha furaha wala hasira. Akipiga straiki, anarudi na kukaa. Akikosa, anarudi na kukaa vile vile. Wenzake walimpa jina la utani lililomfananisha na mashini. Ilikuwa sifa, lakini ilikuwa pia malalamiko. Wengine waliona anachosha kutazama.

Hesabu ya mashini ile iko hivi. Mwaka wa 1974 alipata mataji sita, na feza yake ya mwaka ikakosa kidogo tu kufika dola 100,000. Mwaka wa 1975 alipata mataji saba, na akapata dola 107,585. Alikuwa mtu wa kwanza wa bolingi kuvuka dola laki moja kwa mwaka mmoja. Mwaka wa 1976 akaongeza mataji sita mengine. Kwa miaka mitatu hiyo, mataji 19, na kila mwaka wachezaji wakamchagua kuwa mchezaji wa mwaka. Shindano kubwa la taifa la PBA alilishinda 1973, 1974 na 1975, mfululizo. Lile linalokusanya mabingwa peke yao, huko Akron, alilipata 1974.

Kombe moja lilimkatalia: U.S. Open. Katika maisha yake yote hakulipata hata mara moja.

Moyo unapokataa

Mwaka wa 1978 ulianza vizuri. Mwezi wa ine alishinda tena shindano la mabingwa la Akron. Mwezi wa sita, akiwa na miaka 40, moyo ukamshika. Alipata shambulio la moyo, na waganga wakamlaza.

Mwaka ule ule, kijana wa Brooklyn aitwaye Mark Roth alishinda mataji nane na kuvunja rekodi ya mataji saba. Roth alikuwa kinyume chake kabisa. Alikimbia kuelekea mstari, alizungusha mpira kwa nguvu zote, na mpira wake ulipinda sana na kupasua pini kwa kishindo. Vijana walimpenda, wakaanza kumwiga. Kwa macho ya wengi, mambo yalikuwa yamekwisha: mashini ya zamani imeharibika, na mchezo umepata sura mpya.

Anthony alipona, akarudi kucheza. Miaka michache ya kwanza hakuwa tena yule wa 1975. Mataji yalikuja kidogo kidogo, na Roth na vijana wengine walitawala. Kisha, akiwa amevuka miaka 42, akafanya jambo ambalo hata waliomlalamikia mambo ya kushoto walinyamaza. Shindano la taifa alilishinda 1981, akalishinda 1982, akalishinda 1983. Tena mara tatu mfululizo, kama miaka minane mbele. Na mara tatu mfululizo akachaguliwa tena kuwa mchezaji wa mwaka. Jumla sita na sita.

Lile taji la 1982, mjini Toledo, jimbo la Ohio, lilikuwa na uzito wake. Feza ya ushindi ilimvusha dola milioni moja katika maisha yake ya mchezo. Hakuna mchezaji wa bolingi aliyekuwa amefika pale. Ni vizuri tuelewe milioni ile. Haikutolewa na patro wala haikulipwa kwa mkataba. Ilihesabiwa shindano kwa shindano, toka Seattle 1970, na mtu ambaye mara ya kwanza alizunguka mashindano saba akarudi bila kitu.

Miaka ya mwisho

Aliacha mchezo mwaka wa 1984. Alikuwa na ukumbi wa bolingi uliobeba jina lake mjini Dublin, jimbo la California, na alikaa pia kwenye televizyo, akieleza watazamaji mambo ya mafuta na mbao kwa utulivu ule ule. Mwaka wa 1987 alijaribu kurudi. Lakini viungo vilianza kuuma, na mwaka wa 1991 akaacha kwa kweli. Alipofika miaka 50 alicheza na wazee wenzake na kushinda mataji kadhaa huko pia.

Tarehe 14 mwezi wa munane 2001 alikuwa mgeni nyumbani kwa marafiki huko New Berlin, jimbo la Wisconsin. Alianguka kwenye ngazi za nyumba, akafariki. Alikuwa na miaka 63. Mtu aliyepona moyo akiwa na miaka 40 alichukuliwa na ngazi.

Siku alipokufa, rekodi yake ya mataji 41 ilikuwa bado imesimama. Ilivukwa mwaka wa 2006 na Walter Ray Williams Jr., miaka zaidi ya 20 baada ya Anthony kuacha mara ya kwanza. Mwaka wa 2008 PBA ilibadilisha kanuni na kuhesabu mashindano ya Masters, ambayo Anthony alikuwa ameshinda 1977 na 1984. Hivi leo vitabu vinaandika mataji 43.

Mwanzoni mwa 2009, chama kilipofikisha miaka 50, kikaomba watu wanaoujua mchezo wapange wachezaji 50 wakubwa kuliko wote. Williams, ambaye alikuwa tayari amemvuka kwa hesabu, aliwekwa wa pili. Wa kwanza waliweka jina la Earl Anthony.

Kwa hiyo kesi ya mkono wa kushoto ilikatwa na watu wa mchezo wenyewe, miaka saba na zaidi baada ya mwenyewe kuzikwa. Na kama kuna kijana anayesoma haya usiku huu akiwa kwenye zamu yake, depo ao bandarini, akijiambia kwamba miaka imemwacha: huyu bwana alianza na miaka 21, akashindwa na miaka 25, akashinda mara ya kwanza na miaka 32. Kati ya 25 na 32 hakuna kamera iliyomuona. Ile miaka njo ilimtengeneza.